Neno la Namba Nne

Safari hii sikwenda Guangzhou kufuata mabaibui. Nilitumwa na dada yangu Zuhura, aliyekuwa kalazwa hospitali huko Uswidi, maradhi yamemla mpaka sauti. "Hafsa, mdogo wangu," aliniambia kwa simu, "klabu yetu inacheza mechi ya mwisho, kisha inavunjwa. Nataka jezi zile nne za mwanzo zirudi. Nizione kabla sijaondoka." Nikamkemea asiseme maneno hayo. Akacheka, akakohoa.

Mlio nyumbani mtasema nawatania. Wallahi siwatanii: Zuhura, mtoto wa Ng'ambo, alicheza mpira wa magongo juu ya barafu. Alikwenda Uswidi kwa kazi ya kutunza wazee, na wanawake wenzake wa kazini wakamwingiza katika klabu yao ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza. Walivaa jezi kuukuu za wanaume. Siku ya mechi ya kwanza, jezi nne zikaonekana zimebanduka namba, na refa akakataa katakata: bila namba, hakuna mchezo. Zuhura akafungua kanga aliyojifunga chini ya koti, akaomba mkasi. Akakata namba moja mpaka nne, na chini ya kila namba akashonea neno moja la jina la kanga ile: MGENI. NJOO. MWENYEJI. APONE. Namba nne akaivaa mwenyewe. Walifungwa vibaya sana, lakini klabu ilikuwa imezaliwa. Jezi zenyewe zilipotea zamani, ikabaki picha.

Unguja niliondoka na doti ya kanga yenye jina lile lile, niliyoitafuta Darajani mpaka miguu ikavimba. Sikuitia sandukuni. Niliipakata ndege nzima, na abiria mwenzangu akadhani nina mtoto.

Guangzhou nilipokelewa na mvua. Asubuhi yake nikaenda Zhanqian Road, kwenye maduka ya nguo za jumla, nikionyesha picha kwenye simu. Kila mlango jibu lilikuwa moja: "Meiyou!" Hakuna. Jezi nne tu? Wao wanauza kwa marobota, nani ahangaike na jezi nne? Nilitoka pale machozi yananilenga, mtu mzima mimi.

Xiaobei, katika jengo la Tianxiu, nilikwenda kwa wakala wetu wa mizigo, nikamkuta Neema, binti wa Mbeya anayesomea udaktari pale mjini. Kichina anakitiririsha. Nikamweleza shida yangu. "Bi Hafsa, usilie," akaniambia. "Namjua mama mmoja ana cherehani zake Sanyuanli. Twende."

Sanyuanli tulipanda ngazi nyembamba mpaka chumba chenye cherehani tatu. Laoban, yaani mwenye karakana, alikuwa mama wa makamo, mkavu wa maneno. Akauliza jezi za nani. Neema akamwambia: za mgonjwa, yuko mbali, hali yake nzito. Mama yule akaipokea kanga yangu kwa mikono miwili.

Siku ya kuchukua mzigo, alizitandaza mezani. Moja, MGENI. Mbili, NJOO. Tatu, MWENYEJI. Ya nne ilikuwa na namba nane, na chini yake herufi moja ya Kichina kwa uzi mwekundu.

Loo! Nikapandwa na mori. "Nne yangu iko wapi? Huyu mama hana macho?"

Wakazungumza. Neema akanigeukia, sauti imeshuka. "Bi Hafsa, kwao nne hutamkwa karibu sawa na kifo. Anasema mgonjwa hapewi kifo akivae mgongoni. Ndiyo maana ameweka nane, namba ya heri. Na hiyo herufi ni maisha marefu."

Hasira ikaniisha. Nikakaa juu ya robota la vitambaa. "Mwambie," nikasema, "neno alilolitoa pamoja na nne, maana yake ni mgonjwa apate afya."

Neema alipofasiri, laoban akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha akapiga magoti, akafukua kapu la mabaki mpaka akakiona kile kipande: APONE. Hakumpa fundi. Alikaa mwenyewe kwenye cherehani, akashona nne, akashona neno. Ile herufi yake akaomba ahamishie ndani, upande wa moyo. Nikamwambia aweke, na Mungu amlipe.

Mzigo ukatumwa Uswidi, nami nikarudi Unguja. Mechi niliitazama kwa simu, nimekaa barazani. Wasichana watatu walisimama juu ya barafu kwa mpangilio, na wa nne alikuwa Zuhura, ndani ya kiti cha magurudumu, jezi imemmeza. Waligeuka migongo. Zuhura akawasomesha watazamaji neno baada ya neno, na ukumbi mzima ukaitikia kwa matamshi ya kuchekesha: "Aponee!" Nilicheka huku nalia.

Hakupona. Alizikwa hukohuko Uswidi, na wanawake wa klabu ile walihudhuria mazishi wote, wazee kwa vijana, vichwa vimefunikwa vitambaa walivyoazimana. Walisema yeye ndiye aliyewapa klabu.

Kanga ya pili ya doti ile ninayo. Tangu utotoni nimelisema jina lake bila kulisikiliza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni mwenyewe hakuombewa kitu.