Pikipiki Iliyokataa Kubeba Wanawake

Wewe umeshawahi kuona pikipiki inayochukia wanawake? Mimi ninayo. Imeegemea ukuta wa jikoni hapo nje, kuku wanaipanda kama ya kwao.

Ikibeba mwanaume, inapanda mlima. Ikibeba gunia la kahawa, inapanda. Ikinibeba mimi, mjane wa mtu aliyeinunua, tunafika katikati ya kilima cha kanisa, gia ya tatu inagoma kushuka, injini inazima, tunaanza kurudi kinyumenyume na waumini wenzangu wanatuangalia. Mara ya kwanza nilisema ni bahati mbaya. Mara ya tatu nikashuka, nikapanda kilima kwa miguu, nikaingia kanisani wimbo wa pili umeshaisha.

Anayeiendesha ni mjukuu wangu, binti wa marehemu binti yangu. Nimemlea mimi. Pale kijiwe cha bodaboda cha Ihanda yeye ndiye msichana peke yake, wengine wote ni wanaume, na wanaume wa kijiwe unawajua, kazi yao ya kwanza ni maneno, abiria ni kazi ya pili. Walipoona inamzimikia kilimani wakapata chakula cha wiki nzima. Mmoja akamwambia, "Dada, gia si ungo wa kupepetea maharage." Huyo aliyesema hivyo pikipiki ni ya shemeji yake, na siku ya mvua anavaa mabuti ya mke wake. Lakini kusema anajua.

Sasa nina mwanangu wa kiume, anakaa Songambele, kule Kyerwa. Umbea wa kijiwe ulimfikia kabla hata mimi sijamaliza kukasirika. Akanipigia simu.

"Mama, huyo mtoto ameua gia boksi."

"Umeiona?"

"Si lazima niione. Anabadilisha gia bila kushika klachi vizuri. Wanawake wote ndivyo walivyo."

"Mama yako naye ni mwanamke."

"Wewe huendeshi, Mama. Jumamosi nakuja kuichukua, kuna mtu wa kusomba ndizi anaitaka. Na yeye nitaondoka naye, akamsaidie mke wangu kulea watoto."

Mjukuu alikuwa anaiosha pikipiki hapo uani, simu yangu unajua inavyopiga kelele, alisikia yote. Alimaliza kuosha, akamwaga maji, akachota mengine, akaanza kuosha upya. Nikajua huyu mtoto akipelekwa Songambele ndiyo basi. Ataamka kuwasha moto wa watu, ataosha nepi za watu, na hiyo gia itamfuata kama jina. Kila atakapopita watasema, yule ndiye aliyeua pikipiki ya babu yake.

Ilikuwa Jumatatu. Nikasema tutafute mafundi kabla ya Jumamosi. Mungu anisamehe kwa kuwaita mafundi.

Wa kwanza ni wa hapa hapa barabarani, yule mwenye kibanda na redio. Akashika mkono wa klachi, akaubana, akauachia, akaubana, kama anakamua ng'ombe asiye na maziwa. Akasema, "Bibi, sahani za klachi zimeisha." Nikamuuliza amezionaje na hajafungua kitu. Akasema anazisikia kwa vidole. Akaipanda peke yake, akaenda mpaka kwenye kilima, akapanda, akashuka, gia zote zinaingia kama kisu kwenye parachichi lililoiva. Akarudi anacheka. "Nzima hii. Tatizo ni dereva." Mwanzo sahani zimeisha, sasa nzima. Nilimpa kisogo.

Wa pili alikuja mwenyewe, alisikia kuna mgonjwa. Huyu yeye ni wa waya. Kila ugonjwa kwake ni waya. Akakaza waya wa klachi, akamwaga oili, akaweka nyingine, akainusa ile ya zamani mpaka ikamgusa pua, akasema imekufa. Kila mtu na vya kwake, mimi nikinusa rubisi, pombe yetu ya ndizi, najua kama imeiva, siwezi kumcheka mtu kwa kunusa. Naye akaijaribu peke yake. Ikapanda. Nikakaa mimi nyuma ya mjukuu, tukaenda. Ikazima pale pale, gia ya tatu imeng'ang'ania. Tuliporudi fundi alikuwa ameshaondoka. Oili alituachia, kofia yake alikumbuka.

Wa tatu ni fundi mkubwa wa Kayanga. Huyu ana viatu vyeupe. Fundi wa pikipiki, viatu vyeupe, fikiria mwenyewe. Alisimama mbali kidogo, akasema ndani ya injini kuna uma, unaosukuma gia, na uma huo umepinda, kwa hiyo lazima apasue injini nzima. Mimi shule niliacha darasa la pili, lakini nikamuuliza: "Uma ukipinda, unapinda nikipanda mimi tu? Ukipanda wewe unanyooka?"

Akasema, "Bibi, ni uzito."

Uzito! Mimi nimebaki mifupa na kitenge.

Jioni ile nikamwambia mjukuu, sikiliza, ng'ombe akigoma kukamuliwa hatumpasui tumbo. Tunatazama kwanza anayemkamua ni nani, amekaa upande gani, mkono wake una baridi au hauna. Kesho tutaijaribu hii pikipiki kwa watu.

Alhamisi asubuhi tukafunga gunia la kahawa ya maganda nyuma. Gunia lile linanizidi mimi mara mbili, na yule wa viatu vyeupe angekuwepo ningemkalisha juu yake. Mjukuu akapanda kilima, gia ya tatu, ya pili, ya kwanza, zinashuka kwa utii. Nikamwomba mzee wa kanisa, jirani yangu, mtu mnene na mwenye haya. Akakaa kiume, miguu huku na huku, amemshika mjukuu kwa vidole viwili kama anashika chungu cha moto. Wakapanda, wakafika, akashuka anamshukuru Mungu.

Nikaenda kumwita wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Mimi na yeye hatujawahi kukubaliana hata saa ya kupika.

"Wifi, njoo ukae kwenye pikipiki."

"Ili nife?"

"Ili tujue."

"Ukijua mimi nimekufa, itakusaidia nini?"

Akapanda. Akakaa upande, kama mwanamke mwenye heshima zake, kama ninavyokaa mimi, kama mama zetu walivyokaa kwenye baiskeli. Wakaenda. Nilisimama chini ya kilima. Walipofika katikati nikaisikia inalia sauti ya juu chini, juu chini, halafu kimya. Imezima. Wifi akaanza kunitukana kutoka kule kule kilimani, na mimi nikapiga makofi. Sijawahi kufurahia matusi yake namna ile.

Maana sasa nilikuwa nimejua. Si uzito. Gunia ni zito. Si dereva, dereva ni yule yule. Ni kukaa.

Tukaileta nyumbani, nikaipanda imesimama tu, hapo uani, nikamwambia mjukuu anishikilie. Nikakaa upande, miguu yangu yote miwili ikaja kushoto. Mguu wa nyuma ukapata pale pa kukanyagia abiria. Wa mbele je? Hauna mahali. Unaning'inia. Nikajifanya tunapanda mlima, unajua mlimani mtu unahisi unateleza nyuma, unatafuta pa kujizuia. Mguu ukatafuta wenyewe, ukapata kachuma kazuri, ka kadiri, nikakakanyaga.

Mjukuu akaangalia chini.

"Bibi," akasema, "umekanyaga gia."

Ile pedeli ya gia ina vichwa viwili, cha mbele unakanyaga kwa vidole gia inashuka, cha nyuma unakanyaga kwa kisigino gia inapanda. Yeye mbele anataka ishuke, mimi nyuma nimekaa na mguu wangu juu ya kichwa cha pili, nimekibana kama jiwe la kusagia. Itashukaje? Nikavua kiatu. Kwenye soli, upande wa vidole, kuna alama nyeusi ya grisi, mstari. Kiatu cha kanisani. Wiki zote hizo nimekwenda na ushahidi chini ya mguu, nimeupeleka mpaka mbele ya madhabahu.

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Mjukuu hakucheka. Alikuwa amepiga magoti anapapasa kwenye fremu, pale kushoto. Akanionyesha vipande viwili vya chuma vimekatwa kwa msumeno. "Hapa palikuwa na kitu, Bibi."

Ndipo nikakumbuka. Pikipiki ile ilikuja na bati la kuwekea miguu akina mama, kwa ajili ya kukaa upande. Na ninamjua aliyelikata. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na sufuria mkononi.

Jumamosi mwanangu akaja. Hakunywa hata chai. "Iko wapi?" Nikamwambia kaa nyuma ya mpwa wako kwanza. Akakaa kiume, wakapanda kilima, wakarudi. Nikamwambia sasa kaa kike. "Mama, nina umri gani mimi?" Nikamwambia kaa. Akakaa upande, magoti yamebanana, wale wa kijiwe, waliokuja kuona pikipiki ikichukuliwa, wamesimama wamenyamaza, kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze. Mimi mwenyewe nikamwekea mguu juu ya kile kichwa cha nyuma cha gia. "Usiutoe."

Ilizima katikati. Walirudi wanasukuma.

"Kwa hiyo ni wewe ulikuwa unaua pikipiki," akaniambia, anahema.

"Ni mimi. Nimeshasema kwa wifi, nitasema na kanisani. Mguu wangu. Huyu mtoto mkono wake wa klachi hauna dhambi. Na wewe, bati la akina mama hapa kushoto lilikwenda wapi?"

Akatazama vile vipande.

"Mwaka ule ulipokuwa unasomba ndizi," nikasema, "ulisema linakwaruza mikungu. Nikakuambia liache, mama yako atakaa wapi. Ukaniambia akina mama watajishikilia."

Mmoja wa kijiwe akakohoa. Yule wa mabuti ya mke wake. Mwanangu akafuta mikono kwenye suruali, akasema yule mtu wa ndizi atatafuta pikipiki nyingine. Kuhusu mpwa wake kwenda kulea watoto hakusema tena, na mimi sikumuuliza, kidonda kikifunga hukichokonoi. Akapanda bodaboda ya mtu, akarudi Songambele. Alikaa kiume.

Fundi wa kuchomelea madirisha ndiye aliyetutengenezea bati jipya. Hana viatu vyeupe, hana redio, aliuliza swali moja tu: "Bibi, mguu wako una urefu gani?" Huyo ndiye fundi. Yule wa Kayanga nilikutana naye sokoni, akaniambia hata yeye alikuwa amewaza hivyo hivyo. Nikamwambia najua, baba, ulikuwa unaogopa tu kuchafua viatu.

Jumapili tulipanda kilima bila kusimama, mimi nimekaa upande, miguu yangu miwili kwenye bati, wifi anatutazama kutoka barabarani na hasira zake kwa sababu zamu yake ni wiki ijayo. Pale juu, mbele ya kanisa, mjukuu akazima injini, akanishusha kwa mkono, akaniahidi kwamba pikipiki hii hata igome vipi, hakuna fundi atakayeifungua injini yake kabla bibi yake hajaikalia kwanza.