Mbegu ya Kaha Iliyobaki Githongo

Jua linachomoza juu ya vilima vya Igembe, na Hinda amechutama nyuma ya kibanda chake mjini Maua, machozi yakimtoka kwa moshi. Mkononi ana kijiti cha mzeituni mwitu chenye kaa jekundu kwenye ncha. Anakiingiza ndani ya dhiil, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, anakizungusha, anakitoa, anaguna.

"Moshi ukizidi, maziwa inakuwa chungu. Ukipungua, inaoza," anasema bila kugeuka. "Mama yangu alikuwa anajua kwa pua tu. Mimi mpaka nilie kwanza."

Kando yake ipo dhiil ya pili, imefunikwa na kufungwa kitambaa. Hiyo haigusi. Amekuwa akiizunguka tangu alipomaliza swala ya alfajiri, kama mwanafunzi anayeogopa kufungua matokeo yake ya mtihani.

Ndani yake mna maziwa ya ngamia aliyoyalaza ili yachache. Yakiwa yamekubali, bintiye Sabirin ataolewa juma lijalo akiwa na mbegu ya maziwa ya bibi yake. Yakiwa yamekataa, atakuwa bibi harusi wa kwanza wa ukoo wao kwenda kwa mume mikono mitupu.

Wenye haraka watasema, jamani, si ni maziwa tu? Hao hawajawahi kunywa susa ya Hinda.

Susa ni maziwa ya ngamia yaliyochachishwa, mepesi, makali kidogo, yenye harufu ya moshi. Wafunga miraa hupita kibandani kwa Hinda kabla ya kazi, madereva hupita baada ya kazi, na walimu hupita wakati wowote wanapopata upenyo. Kibanda hicho kimewasomesha watoto wanne, huku mumewe Warsame akihangaika barabarani na lori la mizigo.

Siri yote iko kwenye mbegu. Ni kikombe tu cha maziwa ya jana kinachoachwa chomboni ili kiambukize ya leo. Ya leo yataambukiza ya kesho, na mambo yanaendelea hivyo hivyo. Marehemu mamake, Kaha, alipewa mbegu na mamake, naye akawapa binti zake siku ya kuolewa. Kwao, anayempa bibi harusi dhiil ni yule ambaye mbegu ilitoka kwake, kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna kutumana.

"Mama alikufa, lakini kila asubuhi nilikuwa namwonja," anasema Hinda. "Unanielewa? Si kumkumbuka. Kumwonja."

Kisha akampoteza mara ya pili.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka jana. Mfugaji wake wa siku zote alihamisha mifugo mbali kutafuta malisho, Hinda akalazimika kununua maziwa kwa mtu mgeni. Ngamia wa mtu huyo alikuwa amevimba kiwele na alikuwa anadungwa sindano za kuua viini. Mfugaji hakusema, na Hinda hakuuliza; alikuja kujua baadaye.

Maziwa yalikaa chomboni kama maji. Hayakuchacha. Siku iliyofuata yakawa yanavutika kama ute na kunuka, na wateja wakayatema hapo hapo mlangoni.

Hapo ndipo Hinda alipofanya kosa ambalo hadi leo likitajwa anajishika kichwa. Alidhani ni uchafu. Dhiil huwa haisuguliwi. Husuuzwa kidogo, ikafukizwa, na mbegu hujificha kwenye msuko wa nyuzi. Yeye, kwa hofu ya kuaibika, alizichukua dhiil zake zote, akazimwagia maji ya moto na dawa ya kutoa madoa, akazisugua mpaka zikang'aa.

"Usafi ndio uliniponza," anasema. "Sindano ilianza, mimi nikamaliza. Nililia kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi watu walinishika mkono. Sasa ukililia maziwa, nani atakushika? Watu wanakucheka!"

Aliyeacha kucheka wa kwanza alikuwa Kathuri, mwalimu wa biolojia katika shule ya kutwa jirani na mnywaji sugu wa susa. Aliomba chupa ya maziwa yaliyoharibika, akayapeleka kwenye hadubini ya shule, akarudi jioni na habari.

"Nilimwambia, Mama Sabirin, mbegu yako ni bakteria. Viumbe wa seli moja tu, ambao hata kiini cha seli hawana," anakumbuka Kathuri. "Alinirukia!"

"Si nilikuwa najua bakteria ni ugonjwa?" Hinda anamkatiza. "Mtu ananiambia mama yangu alituachia ugonjwa! Nilitaka kumfukuza."

Kathuri alieleza pole pole, akiwa ameegemea kaunta. Bakteria wako kila mahali na wako aina chungu nzima: wa chemchemi za maji moto, wa udongoni, wa tumboni, wanaoua na wanaolisha. Wale wa Kaha walikuwa wanakula sukari ya maziwa na kuyatia ukali. Sindano iliwaua, na wengine ambao dawa ile haikuwaweza wakabaki na nyumba nzima peke yao.

"Basi niletee wengine kama wale," Hinda akamwambia.

Hapo mwalimu alikwama. Kwa hadubini, anakiri, wengi wao ni vijiti vifupi tu, na huwezi kusema yupi ni wa ukoo upi. Maabara kubwa husoma chembe za urithi, lakini shule yake haina hata chaki za kutosha. Alichokuwa nacho ni kipande kimoja, na kwacho akachora mti kwenye mlango wa bati wa kibanda. Chini aliandika Kaha. Juu yake matawi.

"Mbegu ya mama yako ilikwenda wapi na wapi?" akauliza.

Jibu lilionekana jepesi. Dada mkubwa wa Hinda, Ubah, anaishi upande wa Isiolo na ana dhiil zake. Chupa ikaletwa na lori la Warsame. Wakaonja. Maziwa ya ngamia, moshi ule ule wa mzeituni mwitu, ukali ule ule. Sabirin alipiga vigelegele na Hinda akatoa susa ya bure kwa kila aliyekuwepo.

Ila usiku huo usingizi ulimkataa. Kuna kitu ulimini kilikuwa kinamsumbua, ladha ya mwisho baada ya kumeza, ambayo haikuwepo. Kulipokucha alimpigia dadake simu na kumuuliza kinagaubaga: mbegu hii ni ya nani?

Ubah akasema ukweli. Ule ukame mkubwa ulipomaliza ngamia wao, dhiil zilikauka miezi mingi na mbegu ya Kaha ikafa. Mifugo iliporudi, alianza upya na mbegu ya mama mkwe wake. Aliona haya kuwaambia.

"Tulidanganywa na kufanana," anasema Kathuri, na anaona raha kulieleza hili kama yuko darasani. "Popo ana mabawa na ndege ana mabawa, lakini popo ni ndugu wa panya na ng'ombe. Maisha ya aina moja huleta sura ya aina moja. Udugu unaulizwa kwa kizazi: nani alimzaa nani."

Akafuta jina la Ubah kwenye tawi. Mti ukabaki na Kaha chini na tawi moja la Hinda, lililokauka.

Hinda aliutazama mlango ule. Halafu, anasimulia, likamtoka jina ambalo hakuwa amelitamka miaka mingi. Kanana.

Kanana alikuwa msichana wa Kimeru aliyefanya kazi kibandani kwa Kaha, wakati Hinda naye ni msichana. Alipoacha kazi kwenda kuolewa Githongo, kwenye mashamba ya kahawa, Kaha alimjazia kibuyu maziwa yenye mbegu, akamkabidhi kwa mkono wake mwenyewe, kama anavyokabidhiwa binti wa tumbo.

"Nilinuna," Hinda anasema waziwazi. "Nilinuna vibaya sana. Niliona mama amegawa kitu yetu kwa mtu wa nje. Kanana alipokuja kutuaga nilijifanya nina kazi nyingi. Kwa mazishi alikuja, hata chai sikumpa."

Warsame alimpeleka Githongo kwa lori. Waliuliza sokoni, wakaelekezwa shambani. Kanana alikuwa akipalilia kahawa, akainua uso, na jembe likamtoka mkononi.

"Muga! Hinda wa Kaha!" alisalimu kwa sauti kubwa. "Si ungepiga simu nikuchinjie kuku!"

Hinda alipofikishwa jikoni, Kanana alileta kibuyu, akatikisa, akamimina. Maziwa yalikuwa mazito, ya ng'ombe, baridi ya mlimani. Hinda akanywa, akasubiri. Baada ya kumeza, ile ladha ya mwisho ikaja.

"Nilikaa chini," anasema. "Kanana anadhani nimeugua."

"Mimi sijawahi kuiacha ikufe," Kanana aliniambia nilipomtembelea kuandika habari hii. "Ng'ombe ikikauka naomba maziwa kwa jirani. Mama Kaha aliniambia, hii ni mtoto, ata ukiwa mgonjwa lazima ale. Sasa mimi ningefanya aje?"

Hata hivyo, mambo hayakuishia hapo. Mbegu ya Githongo ilipotiwa kwenye maziwa ya ngamia kule Maua, ililala. Jaribio la kwanza, maji. La pili, maji. Hinda alianza kukata tamaa, na tarehe ya harusi ilikuwa imeshatangazwa.

Kathuri ndiye aliyemwambia asichoke. Bakteria huzaana haraka mno, alieleza. Kwa miaka waliyokaa Githongo wamepita vizazi visivyohesabika. Waliohimili baridi na maziwa ya ng'ombe walizaa sana, wengine wakapungua. Si kwamba wamesahau ngamia kwa makusudi. Ukoo wenyewe umebadilika. Wakirudishwa kidogo kidogo, huenda miongoni mwao wapo wachache watakaoweza, na hao ndio watakaozaa.

Kwa hiyo Hinda akachanganya: ng'ombe mwingi na ngamia kidogo, kisha nusu kwa nusu, kisha ng'ombe tone tu. Kila mara alichukua kikombe kutoka chombo kilichochacha vizuri, vingine akamwaga. Na kila mara kibuyu cha Kanana kilibaki Githongo, kikiwa akiba, maana somo la kusugua lilikuwa limemwingia.

Dhiil iliyofungwa kitambaa asubuhi hii ndiyo ya kwanza yenye maziwa ya ngamia matupu.

Sabirin anatoka ndani akiwa bado na lesso ya kulalia. "Hooyo, fungua basi," anamwambia mamake. "Mimi ndio naolewa, na wewe ndio unatetemeka."

Hinda anafungua. Ananusa. Anamimina kidogo kwenye kifuniko, anakunywa, anafumba macho. Kisha anampa bintiye kifuniko na kujifuta uso kwa ncha ya mtandio, na safari hii hakuna moshi wa kusingizia.

"Si mama kabisa," anasema. "Kuna kaulaini hapa ka Githongo. Lakini ni wa kwake. Alhamdulillahi, ni wa kwake."

Sabirin anakunywa yote, anauliza kama siku ya harusi mamake atampa dhiil kabla ya chakula au baada.

"Mimi sikupi," Hinda anamjibu. "Mbegu haikutoka kwangu."

Anachukua simu. Kule Githongo, Kanana anapokea, na Hinda anamweleza: aje Maua juma lijalo, aketi upande wa mama, na amkabidhi mtoto dhiil kwa mkono wake.

"Mimi?" Kanana anauliza. "Na watu wenu watasema nini?"

"Watasema nini? Watakunywa maziwa," Hinda anamwambia. "Na uje na kibuyu kitupu, dadangu. Nakujazia hii ya ngamia urudi nayo. Mbegu yote haitakaa tena kwa mtu mmoja."