Shimizi Yangu Ndani ya Turbo ya Lori

Aibu hii naiandika mwenyewe kabla Mama Nekesa hajamaliza kuieneza mtaa wetu wa Mowlem mzima, kwa hiyo kwanza niwataje waliokuwepo: mwanangu Hamisi, mwenye lori, Fundi Wafula wa Kariobangi, aliyekuwa akilitengeneza, huyo Mama Nekesa, jirani yangu anayeuza mboga ya sukuma pale getini, na Mwalimu Athumani wa madrasa, aliyemfundisha Hamisi alifu akiwa mdogo, ambaye nilimwita mimi mwenyewe aje kuliombea lori dua (balaa zangu nyingi huwa najiitia).

Lori lilikuwa limekufa turbo. Shule niliishia darasa la pili, lakini turbo naijua, maana Wafula alinieleza wiki nzima: ni kifeni kinachozunguka mbio mbio kikiisukumia injini hewa, na Hamisi alikiua kwa tabia yake ya kupanda mlima na mzigo, kufika, na kuzima papo hapo, badala ya kuiacha injini iungurume dakika chache oili ikipooze. "Na adui mwingine, shosho, ni vumbi," akaniambia (shosho ndiyo bibi kwa lugha yake ya mtaani). Basi nikawa mtaalamu. Aliyekuja kununua sukuma kwa Mama Nekesa aliondoka na somo la turbo, atake asitake.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, turbo mpya ishafungwa, na Hamisi alitakiwa awe ghalani Komarock kabla ya adhuhuri kupakia mahindi ya kupeleka Malaba, la sivyo mwenye mzigo, aliyekwisha kungoja siku nne, angempa mtu mwingine kazi ya msimu mzima. Lakini mpira wa kupitisha hewa kwenda kwenye turbo ulikuwa umepasuka, Wafula akapanda boda kwenda kutafuta mwingine, Hamisi akaingia kuoga, mimi nikaachwa kulinda lori pale mlangoni, kabini yake imeinuliwa. Upepo nao ukaanza, vumbi la barabara likaja moja kwa moja kwenye mdomo wa turbo ulioachwa wazi. Nikaangaza huku na huku, kitambaa hakuna, ila kwenye kamba ya kuanikia kulikuwa na shimizi yangu nyeusi yenye lasi. Nikaivuta, nikapanda kigoda, nikaziba. Sasa mwanamke wa umri wangu ataachaje nguo yake ya ndani ining'inie kwenye lori, wapita njia wakiitazama? Nikaisukuma ndani, ndani zaidi, mpaka lasi yote ikapotea.

Wafula akarudi na mpira, na Mwalimu nyuma yake (hapo ndipo ningesema), lakini neno shimizi nitalitamkaje mbele ya Mwalimu? Nikamkonyeza Mama Nekesa, akadhani jicho linaniuma, akaniletea maji ya kunawa. Wafula kwa haraka zake hakuchungulia. Akabana mpira, akashusha kabini, Hamisi naye akatoka bafuni akapanda. Mwalimu akainua mikono, nami nikajiambia dua ikiisha nitamvuta fundi kando. Amina haijatoka vizuri, Hamisi kishawasha.

Injini ikapiga mluzi, ikakohoa, ikatema moshi mweusi juu ya sukuma yote ya Mama Nekesa, ikazima. Kabini ikainuliwa tena, watu wamejaa, Wafula akaingiza koleo akaanza kuvuta: kwanza uzi, halafu kipande, halafu lasi, ikatoka lasi mpaka nikadhani haina mwisho.

"Hii ni ya nani?"

Mwalimu akageuka akautazama ukuta, Mungu amjalie.

"Yangu," nikasema.

"Ni yake kweli," Mama Nekesa akadakia, "tulinunua pamoja."

Mabawa ya kile kifeni yalikuwa yamepinda. Hamisi hakunifokea, na heri angefoka. Alimpigia simu mwenye mzigo, akasikiliza, akairudisha simu mfukoni.

"Mama," akasema, "ungenigongea tu mlango wa bafu ukaniambia."

Kazi ya msimu ikaenda kwa mwingine, na lori likalala pale mlangoni wiki mbili, kila asubuhi nikifungua dirisha tunatazamana. Sikatazwi kulilinda, ila tangu siku hiyo nikiziba kitu natangaza nimeziba nini na kwa nguo gani, hata awepo Mwalimu na madrasa yake yote.

Basi mliokuwepo, kama nimekosea siku au nimesahau jina la mtu, mnisahihishe, tena kwa sauti, mbele ya watu. Kunyamaza kwa heshima kumenitosha.