Viazi vya Asili vya Mama Furaha

"Hii masharti yenu inaniuliza mi tu. Jirani yangu, nani atamuuliza?"

Niliulizwa hivyo siku yangu ya kwanza kazini. Aliyeuliza alikuwa Mama Furaha, mjane mwenye shamba dogo la viazi huko Bugeshi, chini ya volkano. Alikuwa ameshuka Gisenyi kuomba meza katika soko letu la mazao ya asili, yasiyopigwa dawa, lililofanyika kila Jumamosi karibu na ziwa. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya kilimo na buti mpya, na nilidhani anazungumzia upepo. Nikamweleza ukanda wa kinga, yaani kipande cha ardhi kinachoachwa mpakani na kupandwa majani marefu, ili dawa ya jirani isipeperuke hadi kwako. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Bon," akasema. "Donc shamba yangu nipunguze mi, juu jirani anapiga dawa yake."

Nawaandikia ninyi mnaosomea kilimo sasa na mnaodhani ukaguzi ni kazi ya kujua mimea. Mimi si mzee. Wenzangu wa darasa ndiyo kwanza wanaajiriwa. Lakini kazi niliyoifanya haipo tena, na kwa namna hiyo nimeshastaafu.

Mwanzoni niliwekwa sokoni, kukagua meza. Nilinusa asali iliyochanganywa na sukari, nikabishana na muuza sabuni aliyeapa, "Hii ni ya asili kabisa, mademoazeli, hata povu haina!" Mkubwa wangu alikuwa Mratibu wa soko, mtu aliyekulia Karagwe na kuzungumza Kiswahili cha Tanzania. Siku moja nilimuuliza asili maana yake nini hasa, kwa kuwa majivu ya volkano nayo ni ya asili, na yakidondoka juu ya kabichi yanaiunguza.

"Bibie," akasema, "asili ni kile ambacho mpishi wa hoteli atalipia bila kuuliza maswali kama yako."

Baadaye nilihamishiwa mashambani, Mudende kwanza, kisha Bugeshi. Huko ndiko nilikojifunza maana ya kipindi cha mpito. Ni misimu ambayo mkulima ameshaacha dawa lakini haruhusiwi kuuza kwa jina la asili; anavuna kidogo na kuuza kwa bei ya kila mtu. Mama Furaha alikipita chote. Binti yake, Furaha, alirudishwa nyumbani kutoka shule ya bweni kwa kukosa karo, na mama akawa anamwambia kila nilipofika, "Ngoja meza. Tukipata meza, unarudi."

Meza aliipata. Furaha akarudi shule.

Kila mkulima wetu alikuwa na shahidi, jirani wa kumthibitishia kwamba hatumii dawa. Wa Mama Furaha alikuwa Muzehe Gasore, ambaye shamba lake lilipakana na la mama huyo. Yeye mwenyewe alipiga dawa kama watu wengine wote wa Bugeshi, na hatukumlaumu.

Kisha ikaja mvua isiyokatika, na pamoja nayo baka chelewa, ugonjwa unaofanya viazi kuwa vyeusi kuanzia jani hadi shina. Wakati huohuo mama yake Mama Furaha alifariki Goma. Akavuka mpaka kumzika, akabaki huko hadi matanga yalipokwisha.

Aliporudi, mimi na Mratibu tulikwenda kukagua kabla ya mavuno. Mashamba ya bondeni yalikuwa yameoza, na hata la Gasore lilikuwa limeungua nusu kwa baka. La Mama Furaha lilisimama kijani. Nikashika jani. Lilikuwa na madoa meupe ya dawa, na madoa yalikuwa sawasawa kutoka ukanda wa kinga hadi mlangoni kwake. Upepo haupigi dawa hivyo.

"Mama, hii nini?" Mratibu aliuliza.

"Mi sijapiga dawa."

"Nani basi, malaika?"

Majirani waliokusanyika wakacheka. Gasore akaitwa. Mama Furaha akasogea, akasimama ubavuni mwake kwenye tope.

"Muzehe, ulimwona huyu mama akipiga dawa?" Mratibu akamuuliza.

"Hapana. Sijamuona hata siku moja."

Masharti yalitupa swali hilo moja tu la kumuuliza shahidi, nasi tuliuliza hilo moja. Mratibu akatangaza kwamba meza imeondolewa.

"Na mutoto?" Mama Furaha aliuliza.

"Mama, masharti hayana mtoto."

Njiani nilimwambia Mratibu kwamba huenda mama yule anasema kweli. "Basi nani alipiga?" akaniuliza. Nilizoea kutilia shaka kila kitu, na Mama Furaha pia nilimtilia shaka.

Meza yake alipewa mtu aliyenunua viazi vya kawaida vya magunia na kuviosha vizuri. Mratibu akaondoka, akaja Meneja aliyependa picha kuliko viazi. Kuvuka mpaka kukawa kugumu, wateja wa Goma wakapotea, wafadhili wakafuata. Pale palipokuwa na soko sasa panaoshwa magari. Mama Furaha aling'oa majani ya kinga na anapiga dawa kama wengine. Furaha hubeba nyanya kichwani hadi mpakani. Nikijiuliza kazi yangu ilimlinda nani, sipati hata mtu mmoja.

Mwezi uliopita nilikutana na Muzehe Gasore katika soko la Mbugangari, akitafuta mpira wa pampu yake ya dawa. Tukaongea habari za mvua, naye akataja mvua ile.

"Yeye iko Goma anazika mama yake. Niache shamba yake ioze, mi ni mutu gani? Dawa ilikuwa kidogo. Nilianza kwake, kwangu ikaishia katikati."

Nikamuuliza kama Mama Furaha aliwahi kujua.

"Nilimwambia siku ile alirudi. Akanishukuru na beseni ya viazi."

"Sasa mbona hukusema, Muzehe, siku tuliyokuja?"

"Nilifungua kinywa niseme," akajibu. "Akanikanyaga muguu."