Ngazi ya Aimé Mpaka Rangi

Nianze kwa kusema ukweli: watu wa ngazi nilikuwa nawaona wapumbavu. Miaka kumi na tisa nimenyoosha mashuka katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa hapa Cannes, na kila mwezi wa Mei, zile wiki mbili za tamasha la filamu, nilikuwa nikitoka kazini na mgongo wangu mbovu nikiwapita wamejipanga ng'ambo ya barabara. Wazee wazima, wastaafu, kila mmoja juu ya ngazi yake ya kukunjua, ngazi imefungwa kwa mnyororo na kufuli kwenye vyuma vya uzio. Wanatazama jumba la tamasha. Wanangoja waigizaji washuke garini wapande vile vidato vyenye zulia jekundu. Watangoja saa tatu, saa nne, na waigizaji watapita dakika mbili tu. Basi, sherehe imekwisha, wanafungua mikate yao wanakula.

Josiane Revelli alikuwa mmoja wao. Mimi na yeye tulishika mashine moja ya kunyooshea, ile inayotaka watu wawili, huyu ncha hii na yule ncha ile. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na mbili, miguu yake imevimba kwa kusimama, macho mekundu kwa mvuke. Uchovu wake haukuwa wa siku moja. Alikuwa anaamka nao na kulala nao. "Nitapumzika nikifa," alizoea kusema, "na huko nako nitakuta mashuka."

Lakini ikifika Mei, akimaliza zamu alinawa uso, akachukua mkate wake uliolowa mafuta ya zeituni, wenye samaki wa kopo na yai ndani, akachukua chupa ya chai aliyoitia mvinyo, huyoo, kwenye ngazi.

"Josiane, si ukalale?" nilimwambia.

"Nilale, halafu? Kwenye baraza za ufukweni bilauri moja ya bia inauzwa kama kuku mzima. Ngazi ni bure, shoga. Nistarehe wapi mie?"

Na kweli walistarehe. Waigizaji wakishapita, wenye nguvu waliteremka mchangani, maana usiku wa tamasha huwa kuna filamu ya bure ufukweni, watu wamejifunika mablanketi, nusu wanatazama, nusu wanakoroma. Josiane alikuwa wa kukoroma.

Ngazi yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya mumewe, Aimé, aliyekuwa mpaka rangi za nyumba. Ilikuwa ya mbao, nzito, imejaa madoa: njano ya hoteli ile, kijivu cha shule ile, waridi la nyumba za matajiri wa mlimani. Aimé aliifunga mahali palepale miaka ishirini na tatu, kati ya ngazi ya Baptistin Orsoni, dereva wa basi mstaafu, na ya Lucette, aliyekuwa akiuza dawa.

Na Aimé alikuwa na hadithi moja. Kwamba usiku mmoja, filamu ya saa nne, mwigizaji mmoja mwanamke aliyevaa gauni la kijani alifika kidato cha juu kabisa, akageuka, akainua mkono, akampungia. Yeye. Si Baptistin, si Lucette. Yeye Aimé. Aliisimulia kwa muuza nyama, aliisimulia kwa daktari, na hospitalini alikofia kwa mapafu yaliyochoka na rangi, aliwasimulia wauguzi wa zamu zote mbili.

"Alikuwa anafukuza mbu," Baptistin alimjibu kila mara. Watu wakacheka, Aimé naye akacheka. Hata baada ya Aimé kuzikwa, Baptistin hakuacha, kila Mei lazima aulize, "Vipi, mbu hawajafika mwaka huu?" Josiane alicheka pamoja nao. Kwenye mashine, kwangu, hakucheka.

"Miaka arobaini amepaka kuta za watu, Moina," aliniambia siku moja tukikunja shuka. "Wanampita pale juu kama hayupo. Hakuna aliyewahi kuinua macho amtazame. Yule mwanamke peke yake. Sasa kama na yeye hakumwona..."

Tulivuta shuka lingine.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa mwisho wa Josiane mjini. Mwenye nyumba alikuwa anauza, kazi ilikuwa inakwisha mwisho wa mwezi, na binti yake alikuwa na chumba cha kumpa huko Saint-Étienne, kwenye baridi, mbali na bahari. Ikabaki siku mbili tamasha limalizike. Mchana wa siku hiyo ikaja shati ya mgeni mmoja wa ghorofa ya pili, mzee anayeuza na kununua filamu, akitaka inyooshwe haraka. Josiane aliipandisha mwenyewe. Alipoteremka alikuwa na kadi mkononi, kakaa juu ya kapu la mataulo.

"Umefukuzwa?" nikamuuliza.

"Amenipa mwaliko wake. Filamu ya saa nne usiku. Nimemkuta amekaa kitandani na soksi moja. Ati amechoka, na kiti kikikaa kitupu atalaumiwa. Ameniuliza kama nimewahi kuingia."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia shati yake ina kifungo kinacholegea."

Nilidhani atapiga vigelegele. Akaanza kujikanda miguu. "Siwezi, shoga. Tazama miguu hii. Na mwaliko ni mmoja."

Hapo nilimwelewa. Kuna mwaka yeye na Aimé walivaa, kama wafanyavyo wengi mji huu, yeye gauni jeusi, Aimé suti na tai ya kipepeo, wakasimama mbele ya jumba wameshika kipande cha boksi kilichoandikwa: Mialiko miwili, tafadhali, mume na mke. Walisimama siku sita. Siku ya saba bibi mmoja akawapa mwaliko mmoja. Wakamrudishia.

Nilimwelewa, lakini hasira zilinipanda vilevile. "Miaka ishirini na saba unatazama mlango," nikamwambia, "leo umefunguliwa unataka kwenda kulala! Kama huendi, nipe mimi nikauze."

Akaacha kujikanda. "Nikifika pale juu nitajua," akasema.

"Utajua nini?"

"Kama mtu wa kwenye ngazi anaonekana."

Basi. Kazi ikawa hiyo. Saa tatu kasorobo tulitoka, tukaenda kwake nyuma ya stesheni. Gauni bado lilimkaa, ila kiunoni nililibana kwa pini. Viatu ndivyo vilivyotutesa. Tulitia miguu maji ya baridi, tukatia poda, nikasukuma kisigino huku yeye ameshika mlango anamtaja mama yake mzazi. Viliingia.

Barabarani akanipa mkate wake, chupa yake na ufunguo wa kufuli. "Panda ngazi ya Aimé. Magari yakifika na ngazi iko tupu, yeyote anaruhusiwa kuipanda. Ndiyo sheria. Nami sitaki mtu asiyemjua."

"Mimi? Juu ya mbao zile?"

"Moina. Tafadhali."

Nikapanda. Baptistin alinipokea kwa kofia mkononi. "Karibu kanisani, binti. Si wewe uliyetuita wehu?"

"Nimepanda kwa ajili yake tu."

"Sote tulianza hivyo hivyo," akasema Lucette, akanipa kipande cha jibini.

Watu wa kawaida wenye mialiko huingizwa kwanza, kabla ya magari ya wakubwa. Hakuna anayewatazama. Wapiga picha, mia na zaidi, huwa wanafuta kamera zao na kupiga soga. Nikamwona Josiane katikati ya zulia, mdogo, mkoba umebanwa kwapani, akitembea kwa uangalifu kama aliyebeba trei ya glasi. Mara akasimama.

"Kuna nini tena?" Lucette akauliza.

Zulia lilikuwa na kunyanzi. Kunyanzi moja, ndogo, ambayo watu elfu wangeikanyaga bila kuijua. Josiane akainama na gauni lake, akaipitishia viganja, mara moja, mara mbili, akavuta ukingo, akapiga kofi dogo kama tulivyokuwa tukifanya kwa kila shuka. Mlinzi akamjia mbio.

"Mungu wangu, ananyoosha zulia!" Lucette alicheka mpaka ngazi zikatikisika. Baptistin akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti aliyokuwa akiwaita abiria nayo: "Josiane! Acha kazi! Zamu imekwisha!" Na safu nzima ikadakia, wazee ishirini na mimi ndani yao: Jo-si-ane! Jo-si-ane!

Wapiga picha waliposikia jina linaitwa hivyo wakashtuka. Walidhani kuna mtu mkubwa amewapita. Wakageuka wote kwa pamoja, kamera zikaanza kumulika, na vidato vyote vikawa vyeupe. Katika weupe ule Josiane akapanda. Kidato, anapumua. Kidato, anapumua. Ishirini na vinne, nilivihesabu. Alipofika juu akageuka, akainua mkono, akapunga.

Ngazi zililipuka kwa shangwe. "Ananipungia mimi!" Baptistin alisema. "Wewe nani? Ni mimi," akasema Lucette, machozi yanamtoka.

Mimi nilikuwa nimekaa mahali pa Aimé na nilimwona vizuri. Alikuwa anaupungia upande mwingine kabisa, kule kwenye nguzo za taa na maegesho ya magari. Uso wake ulikuwa unatafuta. Sikumwambia mtu.

Filamu ilichukua saa mbili na nusu. Wengine walikwenda ufukweni, wengine makwao. Sisi watatu tulikula mkate wa Josiane, tukanywa chai yake ya mvinyo, tukatetemeka kwa baridi ya baharini. Alitoka karibu saa saba, viatu mkononi, anakanyaga lami kwa soksi.

Nilitegemea Baptistin aanze mizaha yake. Hakuanza. Aliteremka kwenye ngazi yake, kidogo kidogo kwa sababu ya nyonga, akamsogelea.

"Josiane," akasema, "niambie jambo moja, na usinifiche. Kutoka pale juu. Mtu wa huku... anaonekana?"

Josiane aliitazama ngazi, akanitazama mimi juu yake.

"Anaonekana," akasema. "Ngazi yote, mpaka madoa ya rangi. Nimemwona Moina kakunja uso, nimekuona wewe na kofia yako chafu."

"Basi alimwona."

"Alimwona."

Baptistin akavua ile kofia. "Miaka yote hii namwambia mbu," akasema. "Mpaka kitandani hospitali nilimwambia mbu." Akapenga kamasi, akatuaga, akasahau kufunga ngazi yake; Lucette ndiye aliyeifunga.

Ya Aimé tuliifungua, maana Josiane hakutaka kuiacha. Tukaibeba, yeye ncha hii, mimi ncha ile, kama shuka. Kwenye kona ya stesheni akaomba tupumzike. Tukaiweka chini, tukaikalia.

"Filamu ilikuwaje?" nikauliza.

"Sijui. Taa zilipozimwa nililala. Kiti kile, Moina! Kiti cha namna ile sijakikalia maisha yangu yote. Niliamshwa na makofi, nikadhani ni kengele ya zamu."

Akajipangusa nyayo. Lori la taka likapita. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Hakuna kitu pale juu. Taa tupu. Sikuona ngazi, sikuona bahari, hata mkono wangu mwenyewe sikuuona."

"Nilijua," nikamwambia. "Ulikuwa unayapungia magari."

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka kabisa, kisha hakucheka tena. Nikamwacha alie, na mimi nikalia, kwa ajili ya Aimé ambaye sikumpenda sana alipokuwa hai kwa sababu alikuwa na maneno mengi.

"Sasa kama hukuona mtu," nikamuuliza baadaye, "mbona ulipunga?"

"Ningefanyaje?" akasema. "Mlikuwa mnaniita."

Tukainuka, tukabeba ngazi.

Aliondoka mwisho wa mwezi ule. Ngazi isingeingia kwenye treni, ikabaki kwangu, ukumbini, inanigonga kila nikienda chooni usiku. Mei ikifika naibeba, nainung'unikia njia nzima, naifunga mahali pake. Kila mwaka hakosekani mgeni wa kuuliza yale madoa ni ya nini, na Baptistin haniachi nijibu. Anasimulia mwenyewe, tangu mwanzo, gauni la kijani na yote, na akimaliza ananinyooshea kidole: "Kama hamniamini, muulizeni huyu."

Nami, ambaye uongo siupendi, huwaambia kwamba alimwona. Kisha najishika mgongo, nangoja magari.