Jumba la Kifalme Juu ya Meza ya Chakula

Mume wangu alipostaafu ualimu alirudi nyumbani na sauti yake yote. Kwa miaka mingi sauti hiyo iligawanwa na shule nzima. Sasa ikawa yangu peke yangu. Mimi bado nilikuwa muuguzi wa zahanati, na kila nikirejea namkuta mlangoni ananisubiri na masahihisho. Nikimenya ndizi, anauliza kwa nini nimeanzia huku na si kule. Watoto wa jirani wakipita wakisema "nilikuwaga", anawaita ndani, wanarekebishwa, wanaruhusiwa kwenda. Mwishowe wakaanza kupita njia ya juu, katikati ya mibuni.

Nikampigia simu binti yetu anayeishi Ulaya.

"Mwanangu, mtafutie baba yako kitu cha kufanya kabla sijamrudisha shuleni."

Akacheka. "Mama, huku wastaafu wanajenga."

Nilidhani anasema nyumba.

Zawadi ilikuja na rafiki yake aliyekuwa anatembelea Uganda, akaiacha mpakani kwa mfanyabiashara tunayemfahamu. Mume wangu akaenda Murongo kuifuata. Alirudi jioni, boksi limefungwa nyuma ya bodaboda, yeye mwenyewe mwekundu kwa vumbi na amenuna.

"Afisa wa forodha kaniuliza ndani mna nini," akasema hata kabla hajakaa. "Nikamwambia sijui, ni zawadi ya binti yangu. Akaligeuza boksi, akaona pameandikwa kumi na nane na alama ya kujumlisha. Akaniangalia kuanzia viatuni. 'Mzee, mbona hii si ya watoto?' Mbele ya watu wote wale!"

Ikabidi lifunguliwe palepale. Ndani mlikuwa na mifuko na mifuko ya vitofali vya plastiki, vile vyenye vinundu vya kupachikana. Afisa akatikisa mfuko mmoja.

"Matofali?"

"Matofali."

"Ya kujengea nini?"

Mume wangu akamwonyesha picha iliyokuwa juu ya boksi: jumba la kifalme lenye minara mirefu, ukuta na daraja la kunyanyuka. Afisa akalitazama jumba, akamtazama mzee, akamtakia ujenzi mwema.

Kesho yake ujenzi ulianza kwenye meza ya chakula. Tatizo la kwanza lilikuwa kitabu cha maelekezo. Kilikuwa kinene kama Biblia, na hakikuwa na neno hata moja. Ni picha tu: kitofali hiki, mshale, kitofali kile. Mume wangu, aliyefundisha Kiswahili maisha yake yote, alikifunua mbele na nyuma akitafuta hata utangulizi.

"Kitabu gani hiki kisicho na sentensi?"

Tatizo la pili lilikuwa rangi. Kuna vitofali vyeusi, na kuna vya kijivu kilichokolea ambavyo jua likianza kuzama navyo vinakuwa vyeusi. Alivitenga kwenye nyungo zangu, halafu kwenye sufuria, halafu kwenye beseni nililokuwa nafulia. Tatizo la tatu lilikuwa kuvitenganisha. Viwili vyembamba vikishikana vibaya, kucha haziingii. Akatumia meno. Jino lake la bandia la mbele likang'oka, likabaki limenasa kwenye kitofali, limekaa imara kuliko lilivyowahi kukaa mdomoni.

Mimi nilikuwa napeleka chai tu. Siku moja, nikiwa bado nimeshika birika, niliona amepachika dirisha kichwa chini.

"Hilo umeligeuza."

"Nani anasoma kitabu hapa?"

"Hakuna anayesoma, Mwalimu. Hakina maneno."

Nikaweka birika chini, nikavuta kiti. Tangu siku hiyo nikawa natoka zahanati mbio, wenzangu wakidhani nyumbani nina mgonjwa.

Ukuta ulikuwa umefika kiunoni mwa wanajeshi wadogo waliokuja ndani ya boksi, pale jirani yetu, bibi mmoja mjane, alipoingia kusalimia. Akazunguka meza taratibu, mikono nyuma.

"Ndiyo mfano wa nyumba binti anayowajengea?"

Nikafungua mdomo. Mume wangu akaniwahi.

"Mambo bado yanaendelea, mama."

Uongo haukuwa. Lakini kabla ya Jumapili Kamuli nzima, kijiji chetu, ilikuwa inajua kwamba kibanja chetu, shamba letu la migomba na kahawa, kitaota minara. Fundi mwashi wa hapa kwetu akaja na futi yake mfukoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Hiyo minara itataka nondo."

"Marahaba. Tutaona."

Alipoondoka nikamuuliza mume wangu kwa nini asiseme ukweli.

"Niseme nini? Kwamba mwalimu mkuu mstaafu anachezea vidude?"

Basi tukaendelea kujenga, kwa heshima ya wenye mradi. Hadi siku ya kuweka paa la mnara mkubwa, paa likakataa. Tukaligeuza, likakataa. Akalikandamiza kwa kiganja, ukuta ukalia.

"Mnara umekaa pembeni kwa kinundu kimoja," nikasema.

"Kinundu kimoja nani atakiona?"

"Paa limekiona."

Tulirudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka tukafika mahali kosa lilipoanzia, chini kabisa, karibu na mlango wa ngome. Nani alilifanya? Mpaka leo kila mmoja wetu anamjua mkosaji, na si yeye. Alitaka tuuache mnara hivyo, paa tuligundishe kwa gundi. Nikamwambia akitia gundi, chakula cha mchana atakula kwa mwinjilisti wetu wa kanisani. Akanuna, akatoka kwenda kukata majani ya migomba ambayo hayakuwa na shida yoyote, akarudi, akaanza kubomoa.

Tulibomoa pamoja, polepole, tusiharibu vya chini. Katikati ya kazi hiyo alishika kitofali kimoja, akakigeuzageuza, akaniuliza, "Hapa unaonaje?" Nilidhani sikusikia vizuri. Nimeishi na mwanaume huyu tangu ujana, na maswali yake yote nilikuwa nayajua: yale ambayo jibu tayari analo. Hili jibu lake hakuwa nalo. Nikamwambia ninavyoona. Akakipachika nilipomwonyesha, wala hakusahihisha kitu.

Jumba lilikamilika wiki ya zamu yetu kupokea jumuiya kwa ibada ya nyumbani. Tukataka kulihamishia chumbani. Mlango ukawa mwembamba. Likabaki mezani, tukalifunika shuka. Minara ikasimama chini ya shuka kama mbuzi aliyefichwa.

Watu wakaja, tukaimba, neno likasomwa. Mwinjilisti akafumba macho, akaombea wagonjwa, mvua na kahawa. Kisha akaongeza, "Na ujenzi wa Mwalimu, ee Bwana, ukausimamie tangu msingi."

Watu wakaitikia amina. Mume wangu alichelewa. Akasimama, akavuta shuka.

"Ndugu zangu, hakuna ujenzi. Hiki ni kitu cha kuchezea. Binti yetu alituletea tucheze."

Fundi, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, akakohoa. "Kwa hiyo nondo hazihitajiki?"

"Hazihitajiki."

Bibi jirani akatugeukia. "Mlikuwa mnacheza? Nyinyi wawili?"

"Ndiyo, mama," nikajibu.

"Mchana?"

Mwinjilisti ndiye aliyeanza kucheka. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza chai. Wote walisimama kuzunguka meza. Mwinjilisti akanyanyua daraja, likamkatikia mkononi, akaomba radhi mara tatu. Mume wangu alilirudishia akieleza kila hatua, uso unang'aa.

Bibi akarudi peke yake siku chache baadaye, akaomba afunguliwe mnara wa nyuma. Mume wangu akaufungua. Bibi akachungulia kwa muda mrefu vyumba, ngazi, vitanda na wanajeshi.

"Jiko liko wapi?"

Tukaangalia wote watatu. Mume wangu akachukua kitabu, akaanza ukurasa wa kwanza, akaenda nao mpaka wa mwisho. Hakuna jiko.

"Ina maana wanakula kwa jirani," bibi akasema, akafunga kanga yake, akaenda zake.