Ngege Watatu na Chumvi ya Ng'ombe

Chumvi ya ng'ombe ina harufu yake. Ni harufu ya gunia bichi na chuma chenye kutu, na kwetu, karibu na Kapsoit, Kericho, ilichanganyika na harufu ya majani chai yanayokaushwa kiwandani mpaka nguo za mtu zikanuka zote mbili. Mama aliiamini chumvi ile kuliko daktari wa mifugo. Ng'ombe akikataa majani, chumvi. Manyoya yakififia, chumvi. Baada ya wiki mbili mnyama anang'aa, na Mama anazunguka boma akijisifu. Nililelewa hivyo, nikijua kwamba chenye uhai chochote kikipewa chumvi hunawiri.

Baba Akinyi, fundi wa mitambo kiwandani, alikuwa mtu wa kutoka ziwani, na nyumba aliyopanga ilipakana na ua wetu. Mimi na binti yake Akinyi tulikuwa chanda na pete. Meneja mmoja alipohama alimwachia Baba Akinyi tangi la kioo, naye akaenda kwao akarudi na ngege watatu wadogo ndani ya mtungi wa plastiki. Tangi aliliweka jikoni karibu na jiko, na kila asubuhi na jioni akaongeza maji ya moto ya birika, polepole, ili samaki wasigande. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Haiya! Kitoweo kinafugwa kama ng'ombe wa maziwa?"

Lakini haukuwa mchezo. Miaka ile ya tisini siasa ilikuwa imechafua hewa, na watu wa ziwani walioishi nasi miaka mingi walikuwa wakiambiwa sokoni warudi kwao. Mama Akinyi alitaka wafunge virago. Mumewe, aliyeipenda milima hii kuliko sisi wenyewe, alimjibu nusu mzaha, nusu kiapo: "Hawa ngege wakivuka baridi ya Julai, na sisi tutakaa. Wakishindwa, tunarudi." Akinyi alinisimulia haya akilia. Tangu siku hiyo niliwaombea wale samaki kanisani, tena kwa majina tuliyowapa, na sikuona aibu.

Katikati ya Julai wakaenda kumzika nyanya yake Akinyi. Ufunguo wa jikoni wakaniachia mimi, darasa la sita, na kazi yenyewe ilikuwa birika tu. Siku ya tatu niliwakuta samaki wamepauka, wamejikunyata chini kabisa ndani ya tangi. Kwenye kitabu cha shule kulikuwa na picha ya samaki wa baharini, wa manjano na bluu, wazuri ajabu, na mwalimu alikuwa ametuambia bahari ni maji ya chumvi. Basi! Kuuliza si ujinga, lakini nani huuliza jambo analolijua? Nilichota gorogoro nzima ya chumvi ya ng'ombe, kilo mbili, nikaimimina tangini na kukoroga kwa mwiko wa ugali.

Mwanzoni walirukaruka, nami nikapiga makofi nikidhani wamepata nguvu. Kisha wakaanza kufungua na kufunga midomo juu ya maji, upesiupesi, wakinitazama. Kufikia adhuhuri wote watatu walikuwa wamelala ubavu. Nilimwaga maji yale nyuma ya choo, nikasuuza tangi mara nne, nikalijaza maji matamu ya mtoni, nikawarudisha humo wakiwa wamekufa. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata ilikuwa mimi.

Waliporudi nilisema ni baridi. Baba Akinyi alitazama tangi kwa muda mrefu, kisha akaniwekea mkono kichwani. "Usilie, nyathina," akaniita mtoto wake kwa lugha yao. "Hujakosa. Baridi ya hapa haina huruma." Jumamosi iliyofuata lori lilikuja. Akinyi alikaa juu ya magodoro akinipungia mkono mpaka kona ya kiwanda.

Chuoni ndiko nilikosoma kwamba maji ya chumvi humnyonya samaki wa maji matamu maji yaliyo mwilini mwake, akafa kwa kiu akiwa ndani ya maji. Nikasoma pia kwamba ngege ni mvumilivu kuliko wengi: ukimzoesha chumvi kidogo kidogo huenda akaishi. Siku hizi binti yangu angebonyeza simu akapata jibu kabla maji hayajachemka. Chai inachumwa kwa mashine, na jiko la kina Akinyi limekuwa stoo ya mbolea. Mimi bado naiona ile midomo, hasa Julai, ninapoosha vyombo peke yangu.

Mwaka jana Baba Akinyi alifariki. Akinyi alinitafuta mpaka akanipata, nami nikaenda mazishini, huko ziwani. Alisimama mbele ya waombolezaji akasema, "Baba alitaka kuzeekea Kericho. Kama si ile baridi, tungekuwa huko hadi leo. Muulizeni Chebet, alikuwepo." Watu wote wakanigeukia. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imenifikisha mpaka kando ya jeneza. Nikainuka, mama wa watoto watatu, mwalimu wa biolojia.

"Ni kweli," nikasema. "Mwaka ule kulikuwa na baridi sana."